Je, wajua? Mkate wa jana haujakauka

Kwa nini mkate laini wa asubuhi huwa mgumu kesho yake? Wengi hujibu kwamba umekauka. Jibu hilo halina utata, kila mtu analielewa, na kwa sehemu kubwa si sahihi. Kwa sababu yake mikate mingi iliyokandwa kwa mikono na kuokwa kwa subira hutupwa ingali chakula kizuri.

Ushahidi ni rahisi kuupata jikoni. Pima mkate ukishapoa, ufunge barabara kwenye mfuko, kisha upime tena baada ya siku mbili. Uzito haujapungua kwa kiasi cha kueleza ugumu ule, maana maji yamo humohumo. Mnamo 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate huwa mgumu hata ukifungiwa mahali ambapo unyevu hauna pa kutokea, na kwamba ukipashwa moto hulainika tena. Kama tatizo lingekuwa kukauka, moto ungezidisha ugumu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mtafiti Mholanzi J. R. Katz alichunguza jambo hilohilo kwa eksirei, akaona kuwa wanga wa mkate hujipanga upya unapokaa.

Kujipanga huko ndiko kiini cha habari yote. Fikiria ukindu uliofungwa matita matita. Katika unga mbichi, nyuzi za wanga zimebanana hivyo, na maji hayapenyi kwa urahisi. Mkate unapoiva, kuanzia nyuzi 60 hivi za Selsiasi, matita hufunguka, ukindu hutawanyika na maji huingia katikati. Hapo ndipo unapatikana ulaini. Mkate ukipoa, ukindu huanza kulaliana tena, mmoja baada ya mwingine, na kila unapolaliana hubana maji yaliyokuwa katikati. Aina moja ya wanga, amilosi, hujipanga ndani ya saa chache tu. Ndiyo inayofanya mkate usimame na ukatike bila kugandamana, na ndiyo sababu mkate wa moto hukatika vibaya na kushikana kwenye kisu. Aina ya pili, amilopektini, huenda polepole kwa siku kadhaa, na hiyo ndiyo inayoleta ugumu wa kesho na keshokutwa. Wanga si mhusika pekee: protini ya ngano nayo imo, ingawa watafiti hawajakubaliana inachangia kiasi gani. Ganda nalo hufanya kinyume. Hunyonya unyevu kutoka ndani na kupoteza mlio wake, ndiyo maana mkate wa mfukoni huwa na ganda la kutafunika kama ngozi na ndani mgumu.

Kiporo cha ugali au wali kimepitia njia hiyohiyo. Hakuna anayeshangaa kikilainika kwa kupashwa moto, wala anayekiita kimeharibika kwa kuwa kilikuwa kigumu alfajiri. Mkate unastahili heshima ileile.

Friji ndiyo inayoponza wengi. Wanga hujipanga kwa kasi kubwa zaidi kwenye baridi ya juu kidogo ya nyuzi 0, yaani baridi ya friji hasa. Mkate wa mezani Nairobi utakuwa laini kuliko pacha wake wa kwenye friji. Lakini Mombasa au Dar es Salaam wakati wa joto na unyevu, mezani ukungu huwahi, kwa hiyo friji ina utetezi wake. Dawa iliyo bora ni friza: kata mkate ukishapoa kabisa, ufunge vizuri, ugandishe siku ileile. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kujipanga kwa wanga hukaribia kusimama.

Kuurudisha mkate mzima, lowesha kiganja upake ganda lote, kisha uuweke kwenye oveni ya nyuzi 170 kwa dakika 10 hadi 15, mpaka katikati pawe pa moto. Vipande vinatosha dakika mbili au tatu kwenye kikaango chenye mfuniko, moto mdogo, na kijiko kimoja cha chai cha maji pembeni. Maikrowevu hufaa kwa sekunde 10 au 15 tu. Ukizidisha, maji hutoroka kama mvuke na mkate huwa kama mpira. Ule mara moja, kwa sababu ukipoa utakuwa mgumu haraka kuliko mwanzo, na mara ya pili hautarudi vizuri. Wenye ukungu haurudishwi: doa la juu lina nyuzi zake ndani.

Ukitaka ukae laini tangu mwanzo, pika uji kwanza. Chukua gramu 25 kati ya gramu 500 za unga wa ngano, koroga na mililita 125 za maji juu ya moto mdogo hadi uwe mzito na uache mstari nyuma ya mwiko. Upoe, kisha changanya na unga uliobaki, mililita 200 za maji, gramu 7 za hamira ya chenga, gramu 9 za chumvi, gramu 30 za sukari na gramu 30 za mafuta. Ukitia uji wa moto utaua hamira, na mkate hautaumuka. Kanda dakika 12, acha uumuke maradufu, uviringe, uumuke tena, uoke kwa nyuzi 190 kama dakika 35. Uji umeshika maji mengi mapema, na mafuta hupunguza kasi ya ugumu. Tui zito badala ya sehemu ya maji lina faida hiyohiyo, kwa sababu ya mafuta yake.

Haya yana uzito zaidi mkate unapokwenda kwa mtu mwingine. Kwa mgonjwa au nyumba yenye msiba, mkate wa moto ni liwazo la kweli, kwa harufu yake kabla hata ya ladha. Ila usiufunge mfukoni ungali na mvuke, la sivyo chini utalowa na ukungu utawahi. Uache upoe saa mbili juu ya wavu, uufunge kwa kitambaa safi, na umweleze mpokeaji namna ya kuupasha, maana wenye nyumba ya msiba huenda wasiukumbuke hadi kesho yake.