Bahari haivuti mtu chini: dhana potofu kuhusu maji ya pwani, mito na mawingu

Naanza na dhana inayoua. Watu wengi huamini kwamba ule mkondo mkali wa ufukweni humzamisha mtu kwa kumvuta chini. Sivyo. Mawimbi yakivunjika hurundika maji ufukweni, na maji hayo hutafuta njia ya kurudi baharini. Yakipata mfereji kati ya mafungu ya mchanga, hupita hapo kwa kasi inayoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, na hakuna muogeleaji wa kushindana nayo. Mkondo unakupeleka nje, haukupeleki chini. Wanaokufa maji mara nyingi wamechoka kwa kuupinga wakiutazama ufukwe. Tulia, elea, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye huo mfereji, ndipo urudi nchi kavu.

Na kinachonisikitisha zaidi: mfereji huo mara nyingi ndio unaoonekana shwari. Kushoto na kulia mawimbi yanavunjika kwa povu jeupe, katikati maji yametulia na rangi yake imekoza. Mgeni wa bahari huchagua kuingilia papo hapo.

Kabla ya kuvunjika, wimbi halisafirishi maji kama tunavyodhani. Angalia kipande cha ubao kinachoelea mbali na ufukwe: wimbi likipita kinapanda, kinasogea mbele kidogo, kinashuka na kurudi karibu palepale. Kinachosafiri ni nishati.

Kwamba mito yote huelekea kusini ni kosa la ramani ya ukutani, ambako kusini ndiko chini. Maji hufuata mteremko tu. Mto Naili unatoka Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenda kaskazini hadi Mediterania. Mto Kongo hukata ikweta mara mbili.

Wingu nalo huitwa mvuke, hata madarasani. Mvuke hauonekani! Tazama birika linalotokota: mdomoni kabisa pana nafasi ndogo isiyo na kitu machoni, halafu ndipo weupe unapoanza. Ile nafasi tupu ndiyo mvuke, na inaunguza vibaya, usisogeze mkono. Ule weupe ni vitone, mvuke uliokwisha kupoa. Wingu ni vitone kama hivyo, au chembe za barafu, vyepesi kiasi cha kushikiliwa na hewa inayopanda.

Mwisho, “mafuriko ya miaka 100”. Wengi wakishayapitia hujenga upya kando ya mto, wakiamini yamebaki miaka 99. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka uwezekano wa mafuriko makubwa kiasi hicho ni asilimia 1, hata kama yalitokea mwaka jana. Anayeishi hapo miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona mlangoni kwake.