Mguu wa kushoto ndo unaotafuna klachi: elimu kwa wanaojifunza gari za manyuo (za gia za mkono)

Mezani kwangu ofisini kuna pleti ya klachi iliyoungua. Nusu yake imekuwa nyeusi, nusu ina ule ubluu wa chuma kilichopata moto, ribiti zimeshatokeza juu, na ukiinusa mpaka leo inanuka kama sandarusi lililochomwa. Ilitoka kwenye pikapu ya baba mmoja mfanyabiashara, alikuja kwenye chuo chetu cha udereva analalamika kwamba kauziwa gari mbovu kwa sababu hiyo ilikuwa pleti ya pili ndani ya miezi minne. Nikapanda nae, hatujafika hata mita mia tano nimeshaona shida iko wapi: mguu wa kushoto haukutoka juu ya klachi hata mara moja. Gari haikuwa na tatizo lolote.

Naandika haya kwa sababu malalamiko ya aina hii yameongezeka sana kwetu, na pia kila ikikaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama watu wanakumbuka stika na taa na matairi wanasahau kwamba na dereva mwenyewe nae ni wa kukaguliwa.

Tuanze na shule yenyewe. Klachi, ile pedeli ya kushoto inayounganisha na kutenganisha injini na gia, ina sehemu moja tu ya maana, nayo ni pale inaposhika. Juu ya hapo na chini ya hapo unaweza kuachia haraka utakavyo, ila hapo katikati, kama upana wa vidole viwili hivi, ndo pa kwenda taratibu. Mwanafunzi wangu namweka uwanjani sehemu tambarare, namba moja, pedeli ya mafuta hagusi kabisa, kisigino kiko chini, anaachia klachi polepole mpaka asikie mngurumo unashuka na boneti inainuka kidogo. Hapo anatulia, anahesabu moja mbili tatu, gari inaanza kutambaa yenyewe, ndo anamalizia kuachia. Anarudia hivyo mara ishirini, thelathini. Watu wanachoka wanataka kwenda barabarani siku ya kwanza, sasa ukienda barabarani hujui klachi yako inashikia wapi utakuwa unaruka kama chura na wa nyuma yako anapiga honi, ukipigiwa honi unapaniki, gari inazima.

Na viatu jamani. Dada mmoja alikuja na raizoni, vile viatu vya soli nene, wiki nzima gari inazima tu, nikamwambia kesho njoo na raba ya soli nyembamba. Siku hiyo hiyo alielewa, maana sehemu ya kushika unaisikia kwa unyayo, ule mtetemo unapanda kwenye pedeli kabla hata gari haijasogea. Malapa nayo hapana, yanateleza na kuingia chini ya pedeli.

Kupandisha gia wengi wanaweza. Shida iko kwenye kupangua, yani kurudisha gia chini. Unatoka namba nne kwenda namba tatu, unaachia klachi ghafla, abiria wote wanainama mbele. Sababu ni kwamba injini inazunguka taratibu kuliko gia uliyoingiza inavyotaka, kwa hiyo kabla hujaachia klachi gusa mafuta kidogo injini ipande, halafu achia. Hakuna mshtuko. Kwa gari nyingi ndogo za petroli, kupandisha gia injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika inatosha kwa mwendo wa kawaida, ila kila gari ina tabia yake, soma kitabu cha gari yako.

Mlimani kwenye foleni, mfano Mwanza unapanda Bugando, tumia hendibreki. Vuta, tafuta pale klachi inaposhika, gari ikianza kuvuta ndo unashusha hendibreki. Kuna watu wanaishikilia gari mlimani kwa klachi na mafuta dakika nzima, wanaona ndo ufundi. Sio ufundi, ndo unaipika ile pleti, na kama yule baba mwenye pikapu angeniuliza mapema ningemwambia.

Sasa hili la frii, yani kuiacha gari bila gia yoyote, nalisema kila mwaka na sijui kwa nini halisikiki. Kushuka mlima na frii HAKUOKOI mafuta. Gari za sasa zenye injekta ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta mwendo ukiwepo, injini inakata mafuta kabisa, ila ukiweka frii inabidi iendelee kunywa ili isizime. Kwa hiyo unapoteza mafuta na unapoteza injini iliyokuwa inakusaidia kushikilia gari. Kwenye miteremko mikali kama Kitonga au Sekenke unabaki na breki peke yake, zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedeli inakuwa laini inazama mpaka chini. Wengine wanazima na gari kabisa, yani usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu hapo hapo kwenye kona. Shuka na gia nzito, namba mbili au tatu kutegemea na mteremko.

Kuhusu taratibu, niseme vizuri maana hapa ndo watu wanaumia. Huwezi kujifunza barabarani na gari ya shemeji bila leseni ya kujifunzia. Umri ni miaka 18 kwa gari, uwe na TIN (namba ya mlipakodi), unaomba TRA (Mamlaka ya Mapato), unapewa kontroo namba ya malipo unalipia, leseni hiyo ni ya miezi mitatu. Gari iwe na vibao vya L mbele na nyuma, pembeni yako awepo mtu mwenye leseni hai, sio rafiki tu anayejua kuendesha. Ukimaliza unapata cheti cha chuo, unaenda kupimwa na polisi wa usalama barabarani, ukifaulu ndo unarudi TRA kupigwa picha na alama za vidole, leseni ya miaka 5 ada yake 70,000. Na ukiandikiwa kosa barabarani ni 30,000 kwa KILA kosa, kwa hiyo huna kibao na huna msimamizi hayo ni makosa mawili, usije ukabishana na trafiki ukadhani anakuonea. Lipa kwa kontroo namba tu, hela haipokelewi mkononi.

Jumamosi uwanja wetu uko wazi saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana kwa yeyote mwenye gari ya manyuo inayomsumbua kwenye klachi au mlima. Njoo na gari yako, leseni yako ya kujifunzia au kamili, na raba.