Kiatamizi cha Biashara Hupimaje Kampuni Changa Kabla ya Kuipokea

Kila dirisha la maombi linapofunguliwa, vijana wengi wa Arusha na Moshi huandaa maombi yao wakiamini kwamba kiatamizi cha biashara, yaani taasisi inayolea kampuni changa hadi zisimame, kinatafuta wazo zuri kuliko mengine yote. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa mashindano ya ubunifu waliyoyazoea hutoa tuzo kwa namna hiyo, lakini kazi ya kiatamizi inatofautiana na kazi ya majaji wa mashindano. Sisi hatutoi zawadi. Tunatoa chumba cha kufanyia kazi, vifaa, ushauri wa mara kwa mara na watu wa kuwafungulia milango ya soko, na huduma hizo zina kikomo. Kwa hiyo swali linaloongoza tathmini yetu ni hili: je, kile ambacho kampuni hii inakikosa ndicho ambacho sisi tunacho?

Watafiti wa Marekani Sean Hackett na David Dilts, katika nadharia ya uatamizi waliyoichapisha mwaka 2004, walieleza kwamba kampuni inayofaa kupokelewa ni ile iliyo dhaifu lakini yenye matumaini, yaani inayopungukiwa na rasilimali ambazo ikizipata inaweza kusimama. Kwa kipimo hicho, makundi mawili yanabaki nje: wale ambao hakuna msaada wetu utakaowafaa, na wale wasiouhitaji. Kundi la pili ndilo linalotupa shida zaidi. Kampuni ya utalii yenye magari yake na wageni wa uhakika ikituma maombi, kishawishi cha kuipokea huwa kikubwa, kwa sababu mafanikio yake yatapendezesha ripoti ya mwaka hata kama hatukuchangia chochote, huku ikikalia nafasi ya kikundi ambacho miezi sita ya usaidizi ingekibadilisha kabisa.

Matumaini tunayapima kwa ushahidi wa mteja. Mwombaji akituambia kwamba watu wengi wameipenda bidhaa yake, tunamuuliza ni nani aliyenunua mara ya pili bila kubembelezwa. Mauzo ya mwanzo mara nyingi hufanywa na ndugu, majirani, waumini wenzake na wanafunzi aliosoma nao, ambao wamemuungisha kwa moyo mwema, na jambo hilo ni jema, ila halithibitishi kuwa soko lipo. Daftari la mauzo lenye majina yanayojirudia, ujumbe wa malipo ya simu, au malipo ya awali kutoka kwa mwenye duka wa soko la Kilombero, Arusha, ambaye hana undugu naye, vinatueleza mengi kuliko kurasa ishirini za mpango wa biashara. Asiye na mauzo bado anaweza kupokelewa, mradi aonyeshe amezungumza na watumiaji wangapi na ni kitu gani alikibadilisha baada ya kuwasikiliza.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi kinachosindika mtindi wilayani Hai. Chupa ya nusu lita inauzwa dukani Moshi mjini kwa shilingi 1,500. Maziwa ya chupa moja ni shilingi 750, chupa yenyewe pamoja na lebo ni 250, sukari na kimea cha kugandishia maziwa ni 150, nishati ni 100, na usafiri ni 200. Jumla ni shilingi 1,450, hivyo kwenye karatasi inabaki faida ya shilingi 50 kwa kila chupa. Sasa tuseme katika kila chupa 20 moja inarudishwa ikiwa imeharibika. Chupa 19 zilizolipiwa zinaingiza shilingi 28,500, wakati zote 20 zimegharimu shilingi 29,000. Kikundi kinapoteza shilingi 500, na kadiri kinavyouza zaidi ndivyo kinavyozidi kuumia. Mtathmini mwenye haraka ataandika kwamba biashara haina faida na kulifunga faili. Anayeuliza zaidi atagundua kwamba chupa zinaharibika kwa sababu zinasafirishwa mchana kwa bodaboda bila barafu, na kwamba wenye maduka wanaendelea kuagiza licha ya hasara hiyo. Hapo mteja yupo na pengo linajulikana. Kiatamizi chenye chumba cha baridi, au kinachoweza kukiunganisha kikundi hicho na msambazaji mwenye gari lenye jokofu, kinapaswa kukipokea. Kiatamizi chenye kompyuta na intaneti ya kasi pekee hakina cha kukisaidia, na ni uungwana kusema hivyo mapema.

Takwimu za ukanda wetu zina majira yake, na mtathmini asiyeyajua hudanganyika kirahisi. Programu ya simu inayowaunganisha wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro na kampuni za utalii itaonyesha ukuaji wa kuvutia kati ya Juni na Oktoba, kisha ukuaji huo utaanguka wakati mvua za masika zinapowapunguza wageni mwezi Aprili na Mei. Ndiyo maana hatuulizi tu mauzo yalikuwa kiasi gani, bali pia waanzilishi wataishi vipi katika miezi ya ukame wa wageni.

Kuhusu watu wenyewe, tunaangalia kama anayetengeneza bidhaa yumo ndani ya kampuni au amekodishwa, na kama yumo, nini kitatokea akipata ajira Dodoma au Dar es Salaam. Vikundi vilivyoanzia chuoni huvunjika kwa namna hiyo mara nyingi. Tunataka makubaliano ya hisa yawe kwenye maandishi, hata pale ambapo waanzilishi ni ndugu wa tumbo moja, na yaeleze anayeondoka mapema anaondoka na nini.

Zipo pia kampuni ambazo uhitaji wa jamii hauna ubishi, na ugumu uko kwingine. Katika maeneo mengi ya miteremko ya Mlima Meru, maji yana floridi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, inayopita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kichujio cha nano, kinachosafisha maji kwa kutumia chembe ndogo mno, kilichobuniwa na Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapa Tengeru karibu na Arusha, kilimpatia mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi Afrika iliyotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Mwombaji anayeleta teknolojia ya aina hiyo hatumuulizi kama watu wanahitaji maji salama. Tunamuuliza mama wa nyumbani atajuaje kwamba kichujio kimechoka, nani atakibadilisha na kwa bei gani. Kama bado anahitaji maabara kuliko soko, tunamshauri aanze na kiatamizi kilichomo ndani ya taasisi ya utafiti.

Masuala ya sheria tunayapitia kwa ufupi. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na namba ya mlipakodi vinaweza kukamilishwa mtu akiwa tayari ndani ya kiatamizi, lakini biashara inayogusa chakula lazima ijue njia ya kuelekea TBS, yaani Shirika la Viwango, na inayopokea na kuhifadhi fedha za watu lazima ijue kwamba Benki Kuu ina neno katika jambo hilo.

Jopo la tathmini nalo linahitaji kulindwa dhidi ya udhaifu wake. Kila mjumbe huandika alama zake peke yake kabla ya mazungumzo, kwa sababu mkubwa wa idara akishatoa maoni yake wachache watathubutu kumpinga. Mji wetu ni mdogo, hivyo mjumbe mwenye undugu na mwombaji hutoka nje ya chumba. Waombaji wote huulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja huruhusiwa kujieleza kwa Kiswahili. Kiingereza kizuri kimewahi kuwapitisha watu wengi katika majopo mengi bila biashara nyuma yake.

Anayepokelewa husaini makubaliano yanayotaja pengo lililobainishwa, hatua itakayoonyesha kwamba limezibwa, na tarehe ya kuondoka. Baada ya miezi mitatu tunakaa pamoja kuangalia kama pengo tuliloliandika ndilo lenyewe. Asiyepokelewa hupewa barua inayotaja ushahidi uliokosekana, na pale inapowezekana, jina la taasisi inayomfaa zaidi, iwe SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa mashine na mafunzo ya usindikaji au halmashauri yake kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Barua hiyo haimzuii kuomba tena dirisha linalofuata, na akirudi, jopo huanza kwa kusoma barua ile ya awali.