Tafadhali, 1908 si siku ya kuzaliwa ya VVU

Nimeulizwa tena VVU vilitoka wapi. Safari hii ni ile hadithi kwamba vililetwa na chanjo ya polio ya Kisangani, Kongo. Mara nyingine huwa ni ile kwamba vilitengenezwa katika maabara ya jeshi la Marekani, mbegu iliyopandwa na gazeti la Patriot la India mwaka 1983 na haijaacha kuota hadi leo. Ya maabara naimaliza haraka. Damu iliyotolewa Léopoldville, Kinshasa ya sasa, mwaka 1959 ina VVU. Sampuli yake tunaiita ZR59. Mwaka huo hakuna aliyeweza kusoma mfuatano wa jeni za kirusi, sembuse kuutunga. Tena VVU-1 vina makundi manne, M, N, O na P, na kila kundi liliingia kwa binadamu kivyake. VVU-2 navyo viliingia mara kadhaa kutoka kwa mangabei, aina ya kima wa Afrika Magharibi. Huyo fundi alikuwa na kazi nyingi kweli.

Ya polio inastahili jibu zaidi, kwa sababu ilipimika. Chanjo hiyo ya polio, iliyoitwa CHAT, kweli ilitolewa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950, na kweli kulikuwa na kambi ya sokwe huko Lindi, karibu na Stanleyville, yaani Kisangani. Dai ni kwamba chanjo iliandaliwa kwa chembe za sokwe wale. Akiba za zamani za CHAT zilipopimwa, hazikuwa na VVU wala DNA ya sokwe. Iliyokutwa ni ya kima. Lakini hata tungekosa chupa hizo, sokwe wenyewe wanatosha. Wa Kisangani ni wa jamii ya mashariki, ndugu wa hawa wetu wa Gombe, na virusi vyao, katika mti wa ukoo tunaouchora kwa kulinganisha jeni, vinakaa kwenye tawi lao, mbali na VVU. Vinavyokaribiana na kundi M, lile lililoenea dunia nzima, vimo kwa sokwe wa jamii ya kati, kusini-mashariki mwa Kameruni.

Hilo lilijulikana kwa kuokota kinyesi, kwani sokwe wa porini hakupi mkono umtoe damu. Unafika chini ya viota asubuhi na mapema, unachukua kidogo, unatumbukiza kwenye kimiminika cha kutunza RNA, kemikali inayobeba jeni za kirusi. Unaanza kupima kingamwili, ukizikuta ndipo unatafuta RNA ya kirusi. Unasoma na DNA ya mitokondria ujue mwenye kinyesi ni mnyama wa aina gani hasa, maana jicho hudanganya, hata la mwindaji mzoefu. Kisha unapima alama fupi za jeni, ili sokwe mmoja aliyejisaidia mara tatu asihesabiwe kuwa watatu. Ukiruka hatua hii, asilimia yako ya maambukizi ni ya kubuni.

Sasa kinachoniudhi hasa. Kinatoka kwa watu ambao tayari wamekubali habari ya sokwe: "VVU vilivuka mwaka 1908." Hapana.

Tuanze na hesabu. Mbali na ZR59 tunayo DRC60, kipande cha tezi ya limfu cha mwaka 1960, pia cha Kinshasa. Ukilinganisha vipande vyao vya jeni ya ganda la kirusi, vinatofautiana kwa takriban 12%. Jeni hiyo hubadilika kama herufi 2 hadi 3 katika kila 1,000 kwa mwaka. Ukigawa kichwakichwa, 6% kwa kila tawi, unapata miaka 24, yaani unaangukia karibu 1935. Hesabu hiyo inapunja. Herufi ikibadilika mara mbili mahali pale pale, wewe unaona badiliko moja tu, au huoni lolote iwapo imerudi ilikoanzia. Tena hakuna sababu ya kudhani kwamba ZR59 na DRC60 ndizo zilizoachana kuliko zote mtini. Modeli zinazorekebisha hayo, katika uchambuzi wa 2008, zilitoa jibu la 1908, na masafa yake ni 1884 hadi 1924. Uchambuzi wa 2014 ukasema karibu 1920, kati ya 1909 na 1930, na ukaweka shina Kinshasa. Anayenukuu 1908 bila masafa amenukuu nusu ya jibu.

Na hata masafa hayo ni ya nini? Ni ya babu wa mwisho wanayechangia VVU vyote vya kundi M tulivyovipima. Huyo si lazima awe kirusi cha kwanza kuingia kwa binadamu. Huenda kabla yake kulikuwa na vizazi kadhaa vya maambukizi ya mtu kwa mtu ambavyo matawi yake mengine yalikufa bila kuacha mtoto. Mti hauoni waliokufa bila uzao. Ukipanda juu zaidi unafika pale tawi la M linapoachana na la sokwe wa Kameruni, na babu huyo alikuwa bado ndani ya sokwe. Kuvuka kulitokea mahali fulani kati ya maungio hayo mawili, na tawi lenyewe halina alama inayosema "hapa ndipo." Kwa hiyo Kinshasa ni mahali kundi M lilipotawanyikia. Sokwe wenye virusi jirani wako mamia ya kilomita kutoka hapo.

Kuhusu vitalu vya nta, ambamo vipande vya mwili vya zamani kama DRC60 hutunzwa. Fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande hivyo, hukatakata RNA, kwa hiyo usitafute kipande kirefu. Lenga herufi 100 au pungufu, uunganishe vipande baadaye. Badilisha wembe kila kitalu na upitishe kitalu kitupu cha nta kati ya sampuli. Adui ni VVU vya leo vilivyomo maabarani mwako. Kipimo ninachokiamini zaidi ni mti wenyewe: sampuli ya 1960 lazima ikae karibu na shina, kwa tawi fupi. Ikikaa huko nchani pamoja na virusi vya juzi, umepima uchafu wako. Na rudia katika maabara nyingine; DRC60 ilifanyiwa hivyo.

Mashaka yangu? Ninayo. Saa hii ya molekuli, yaani kukadiria umri kwa kasi ya mabadiliko ya jeni, ilishatuaibisha. Iliwahi kuvipa virusi vya sokwe na kima umri wa mamia ya miaka tu, mpaka kima wa kisiwa cha Bioko, kilichotengwa na bahari zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakaonyesha kwamba virusi hivyo ni vya miaka 32,000 au zaidi. Kwa karne moja naiamini, kwa sababu tuna sampuli za 1959, 1960 na 1966 za kuibana. Nyuma ya hapo naiangalia kwa jicho la pembeni. Hadithi ya mwindaji aliyejikata akichuna sokwe, akaambukizwa, nayo ni makisio. Ni makisio mazuri, lakini hakuna sampuli inayoyathibitisha.

Wala sijui kwa nini ni M lililoenea dunia nzima na si O. Kundi O lina umri unaokaribiana na wa M, ila limebaki zaidi Kameruni na majirani zake. Wengine husema ni reli, iliyokuwa ikipitisha Kinshasa watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940, na M kweli lilifika Lubumbashi na Mbuji-Mayi mapema. Wengine husema ni sindano za kampeni za wakoloni zilizotumiwa mtu baada ya mtu bila kuchemshwa vya kutosha. Mimi huegemea reli, mpaka mtu anikumbushe kwamba Kameruni nako kulikuwa na reli, na sindano pia.