"Dawa ya Picha Inaua Figo" na Dhana Nyingine za CT ya Mishipa

Dhana inayochosha kuliko zote ni kwamba dawa ya kontrasti, ile inayodungwa mshipani ili mishipa ionekane kwenye picha ya CT, inaua figo. Mgonjwa ana eGFR (kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu) ya 75, anakataa CT ya mishipa ya moyo kwa sababu jirani alianza kusafishwa damu baada ya kupigwa picha. Swali ambalo haulizwi jirani huyo: alikuwa na hali gani kabla ya picha? Maambukizi makali, presha iliyoporomoka na moyo uliochoka huangusha figo vyenyewe, na ndizo sababu za mtu kupelekwa CT haraka.

Ukiwa na eGFR ya 45 au zaidi, hatari ya kontrasti ni ndogo mno. Tahadhari kubwa ni kwa walio chini ya 30, au ambao figo zimefeli ghafla. Hao huwekewa dripu ya maji ya chumvi ya 0.9% kabla na baada. Wala usisome kreatinini, taka ya damu inayotumika kukadiria eGFR, peke yake. Mikromoli 110 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ni eGFR ya zaidi ya 80. Kwa bibi wa miaka 80 ni kama 44.

Kinachoudhi ni kwamba mtu huyohuyo anayeogopa kontrasti hufika akiwa hajanywa maji tangu jana, na diklofenaki ya maumivu ya magoti kaimeza asubuhi. Hivyo viwili ndivyo vinavyoumiza figo. Kunywa maji! Metformini, dawa ya kisukari, nayo haisimamishwi kama eGFR ni 30 au zaidi na figo hazijafeli ghafla. Vinginevyo, iache saa 48 kisha upime tena.

Mzio wa kamba na kaa? Hauhusiani. Mzio huo unatokana na protini, si ayodini iliyomo kwenye kontrasti. Anayepaswa kusema ni aliyewahi kudhuriwa na kontrasti yenyewe.

Alama ya kalsiamu, yaani kiasi cha kalsiamu ambacho CT huona kwenye mishipa ya moyo, kuwa sifuri haimaanishi mishipa ni safi: kipimo hicho huona utando wa mafuta uliokakamaa tu, ule laini hakiuoni.

CT ikionyesha mshipa wa figo umekuwa mwembamba, si lazima stenti (kibomba cha kuupanua). Utafiti wa CORAL wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa wengi wenye utando wa mafuta, stenti haikuongeza faida juu ya dawa.

Na "moyo wangu mzima, kahawa haidhuru" huharibu picha ya moyo, kwani kahawa huharakisha mapigo. Tunataka mapigo chini ya 65 kwa dakika, ndiyo maana hutolewa metoprololi ya kuyapunguza, kisha nitrogliserini chini ya ulimi kupanua mishipa. Kama umemeza dawa za nguvu za kiume, sildenafil ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya 48, sema kabla hujapewa nitrogliserini hiyo, hata kama mkeo amesimama hapo, maana presha inaweza kuanguka vibaya.