Tenki tupu ndilo linaloua

Jumanne alikuja dereva na lori la zamani aina ya Fuso, tenki linachuruzika tangu Chalinze. Dizeli alishaimwaga kwenye madumu, kifuniko kakiacha wazi juani toka asubuhi. "Shikamoo mzee. Tenki kavu kabisa, hata harufu halina. Choma hapohapo lilipo, nina mzigo wa watu."

Maneno hayo nimeyasikia miaka yote niliyoshika spana. Safari hii nayajibu kwa maandishi, maana kijana wa kuchomelea anayeambiwa hivyo ndiye atakayekuwa ameinamia tenki, na dereva atakuwa kibandani anakunywa chai.

Kulishusha tenki hakuna siri. Toa terminali ya hasi ya betri, fungua nati ya chini umwage kilichobaki, chomoa waya wa floti inayopima mafuta, kisha fungua mpira wa kupeleka mafuta na wa kurudisha. Itie alama mipira hiyo, la sivyo utaibadilisha na kuhangaika siku nzima. Weka jeki na ubao chini ya tenki kabla hujagusa mikanda inayolishika: huenda mafuta hayakutoka yote, na lita 200 za dizeli ni kama kilo 170. Bolti zilizoota kutu zilowekwe mafuta tangu jana yake.

Basi tukalishusha lile "kavu kabisa". Tulipolipindua juu ya karai na kulitikisa upande huu na huu, ilitoka dizeli ya kujaza kikombe cha kahawa. Ilitoka wapi? Ndani ya tenki la lori mna kuta za kuzuia mafuta yasicheze, na nyuma ya kila ukuta pana kona. Mshono nao hushika mafuta. Kutu ndiyo mbaya zaidi, inayanywa kama sifongo na kuyatoa taratibu ikipata joto.

Sasa sikilizeni vizuri. Mafuta yenyewe hayalipuki. Kinacholipuka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Kwa petroli inatosha mvuke uwe kati ya sehemu 1.4 na 7.6 katika kila 100 za hewa iliyomo. Piga hesabu kwa tenki la lita 200: kijiko kimoja au viwili vya chakula vya petroli vikigeuka mvuke wote, umeshaingia kwenye hatari. Dereva anaona hamna kitu, kumbe humo ndani mafuta na hewa vimepatana kiasi kile ambacho moto unakitaka. Tenki lililojaa hadi mdomoni lina nafasi ndogo mno ya hewa. Hili tupu ni hewa tupu.

Wengine hunijibu, "Hiyo petroli, dizeli haiwaki." Ni kweli dizeli inataka joto la nyuzi 52 au zaidi ndipo itoe mvuke wa kushika moto, wakati petroli hutoa hata kwenye barafu. Lakini bati lililo chini ya kijiti cha kuchomelea linayeyuka, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Ile dizeli iliyojificha kwenye mshono kando ya tundu inachemka na kugeuka mvuke wakati cheche ipo palepale. Kwa hiyo nyuzi 52 zinamlinda nani?

Lipo na lingine linalonikera kuliko yote: kuunga mpira kwenye ekzosi ya lori lenyewe na kupuliza moshi ndani ya tenki, eti moshi unafukuza hewa. Mafundi wakubwa wanawafundisha vijana hivi! Injini ya dizeli inaponguruma bila mzigo huvuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo sana. Moshi wake bado una oksijeni zaidi ya asilimia 15, na hewa tunayovuta ina 21. Hujafukuza kitu. Umeingiza hewa ya moto, na joto ndilo linaloamsha mvuke.

Mimi huosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, na kokoto kidogo ndani za kubandua kutu. Kisha nalilaza tenki tundu likiwa juu, matundu mengine yaliyo juu ya maji wazi, najaza maji hadi vidole viwili chini ya tundu. Maji ndiyo yanayochukua nafasi ya hewa. Yakigusa bati, uchomeleaji unapoa haraka na kuacha vitundu. Yakishuka sana, nafasi ya mvuke inakua. Vidole viwili ni kipimo cha mkono wangu, wala sitaapa kwamba kinatosha kila tenki. Kipima gesi sina, na pua haifai, inazoea harufu ndani ya dakika chache. Ndiyo maana tundu dogo naliziba kwa risasi ya kulehemu, chuma cha kuyeyushia nimekipasha moto mbali na tenki.

Gundi ya chuma ya sehemu mbili? Nimeibandika, ikadumu miaka. Nimeibandika nyingine ya kopo lilelile, ikabanduka mwezi mmoja. Nadhani tofauti ilikuwa kusugua bati hadi ling'ae na kulikausha, ila sina hakika kamili. Sabuni ya mche ni ya kukufikisha nyumbani tu: mafuta hayaiyeyushi, lakini mvua inaiondoa.

Kabla hujarudisha, kagua chini ya mikanda. Mpira unaotandikwa kati ya mkanda na tenki hushika maji na tope, na ndipo tenki la zamani huliwa kwanza kwa nje. Kwa ndani huliwa sakafuni, maji yakiwa mazito kuliko dizeli. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo. Panapoitika butu, bati limebaki karatasi, na kiraka cha jirani hakitakusaidia.

Fuso lile lilikesha kwangu. Kiraka na mshono wote nilivipaka chaki, nikatia dizeli lita kumi upande huo. Alfajiri dereva alikuja na tochi kabla yangu, akapitisha kidole juu ya chaki kutoka kona hadi kona. Ilikuwa nyeupe, kavu.