Dhana potofu kuhusu vichocheo vya metali na urefu wa polima

Dhana potofu: Mnyororo wa polima (molekuli ndefu iliyoundwa na viungo vidogo vinavyojirudia) hukua kwenye ncha yake iliyo huru, kama shanga zinavyotungwa mwishoni mwa uzi.

Ukweli: Katika vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali) vya metali ya titani alivyovivumbua Karl Ziegler nchini Ujerumani mwaka 1953, ncha hiyo haiongezewi chochote. Mnyororo huota kama unywele, kuanzia shinani: molekuli ya ethilini, gesi yenye molekuli ndogo ambayo ndiyo kiungo cha mnyororo, hutua kwenye nafasi iliyo wazi kando ya titani, kisha hujipenyeza kati ya metali hiyo na kaboni iliyoshikamana nayo, na nafasi nyingine hubaki wazi kwa molekuli inayofuata. Kwa kuwa kila kiungo hupita mlango huohuo, mazingira ya metali huweza kuamua kiingie kimeelekea wapi. Ndivyo Giulio Natta alivyopata, mwaka 1954, polipropilini yenye vikundi vya methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) vilivyopangika upande mmoja, nayo ni ngumu, tofauti na ile isiyo na mpangilio, ambayo ni laini na hunata.

Dhana potofu: Mnyororo ukikoma kukua, kichocheo nacho kimekufa.

Ukweli: Neno “ukomo” ndilo linalopotosha, kwani mara nyingi kinachotokea ni uhamisho tu. Haidrojeni moja ya kaboni ya pili kutoka kwenye metali huhamia kwenye metali hiyo au kwenye monoma (molekuli ndogo inayoungwa kuwa kiungo, kama ethilini), mnyororo huachiliwa, na metali ileile huanza mwingine. Urefu wa wastani basi hutokana na uwiano wa kasi mbili: ikiwa monoma 1,000 huingia kwa kila uhamisho mmoja, minyororo itakuwa na viungo takriban 1,000. Viwandani, gesi ya haidrojeni huongezwa makusudi ili kuifupisha.

Dhana potofu: Nikeli haiwezi kutengeneza polima ndefu.

Ukweli: Dhana hii ina chanzo cha haki, maana katika maabara ya Ziegler mabaki ya nikeli yalisababisha ethilini iishie kuwa butini, yaani viungo viwili tu. Hata hivyo, mwaka 1995 kundi la Maurice Brookhart lilionyesha kwamba nikeli ikizungukwa na ligandi (molekuli zinazoshikamana na metali) nene zinazoiziba juu na chini, uhamisho hupungua sana na polima ndefu hupatikana. Tena nikeli hiyo hutembea juu ya mnyororo wenyewe kabla ya kupokea monoma nyingine, ikiacha matawi, ingawa iliyotumika ni ethilini peke yake.